Nani alipima, na alipima mara ngapi? Kuhusu tathmini za vifaa vya uwindaji

Huenda hujawahi kushika bunduki na wala huna mpango huo. Mimi pia siwindi. Lakini kama unasomea ikolojia ya wanyamapori, vifaa vingi utakavyobeba kwenda porini vilitengenezwa kwanza kwa ajili ya mtu mwingine kabisa: mwindaji wa kulungu kule Marekani. Mfano ulio wazi ni kamera za mtego, yaani zile zinazofungwa kwenye mti na kupiga picha zenyewe mnyama akipita. Mwindaji huzitumia kujua dume lenye pembe kubwa linapita saa ngapi. Sisi huzitumia kufuatilia wanyama tusiowaona. Mradi wa Snapshot Serengeti, ulioanza 2010 chini ya Alexandra Swanson alipokuwa mwanafunzi wa uzamivu wa Chuo Kikuu cha Minnesota, ulitandaza kamera 225 kwenye eneo la kilometa za mraba 1,125.

Kwa hiyo mwanafunzi anayetaka kuagiza kamera kumi, kwa hela ya utafiti ambayo haitaongezwa hata shilingi, anasoma nini kabla ya kulipa? Anasoma tathmini zilizoandikwa na wawindaji kwa ajili ya wawindaji. Nimezisoma nyingi sana, za kamera, za darubini, za nguo, hadi za bunduki ambazo hazinihusu. Nyingi ni mbaya. Na tofauti na watu wengi wanaozilalamikia, sidhani kwamba ubaya wake mkubwa unatokana na waandishi kuhongwa. Wengi wao naamini wanasema kweli kabisa walichokiona. Tatizo ni kwamba walichokiona hakiwezi kujibu swali walilodai kulijibu.

Twende kwenye mfano.

Koti la mkaa

Kulungu wa Marekani mwenye mkia mweupe ana pua kali mno. Mwindaji aliyekaa juu ya mti saa nne anajua upepo ukigeuka tu, siku imeisha. Ndiyo maana katika miaka ya 1990 nguo za Scent-Lok, za kampuni ya ALS Enterprises ya Michigan, zilipata wateja wengi. Ndani ya kitambaa kuna tabaka la mkaa, na ahadi ni kwamba mkaa huo unanasa harufu ya mwili.

Wazo lenyewe si la kitapeli. Mkaa huo si huu wa gunia tunaopikia. Umetengenezwa kwa namna maalumu hadi ukajaa vitundu vidogo mno, kiasi kwamba gramu moja yake ina uso wa zaidi ya meta za mraba 500, na molekuli nyingi za harufu hunasa kwenye uso huo. Ndio huohuo unaotumika kwenye barakoa za gesi na vichujio vya maji. Ila uso ukijaa, umejaa. Viwandani, mkaa uliochoka hurudishiwa uwezo kwa joto kali, mara nyingi karibu nyuzi 800 za Selsiasi. Wateja wa nguo hizi waliambiwa wazitie kwenye mashine ya kukaushia nguo ya nyumbani, ambayo haifiki hata nyuzi 100. Joto hilo linaweza kufukuza baadhi ya molekuli, lakini haliurudishi mkaa kuwa mpya. Halafu kuna jambo lisilohitaji kemia yoyote: mwindaji anapumua. Pumzi, nywele, uso na mikono haviko ndani ya koti.

Sasa, tathmini ya kawaida ya nguo za aina hii inakwendaje? Mwandishi anavaa koti, anapanda mti, kulungu watatu wanapita chini yake bila kushtuka. Picha inapigwa. Koti linafanya kazi.

Hebu fikiri kidogo. Kulungu waliopita bila kushtuka amewahesabu. Yule aliyemnusa akiwa meta 200 vichakani, akageuka kimya kimya na kwenda zake, amemhesabu nani? Hakuna aliyemwona. Na hao watatu wangeshtuka kama mwandishi angevaa koti la kawaida siku ileile, kwenye mti uleule, upepo ukivuma vilevile? Hilo halikujaribiwa. Mwandishi anaweza kukaa juu ya miti misimu ishirini, awe mtu mwaminifu kuliko wote unaowajua, na bado asiwe na jibu, kwa sababu matokeo mabaya yanajificha na matokeo mazuri yanakuja kujionyesha. Ni kama kupima ubora wa daktari kwa kuwahoji wagonjwa waliorudi kliniki peke yao.

Mwaka 2002 mtafiti John Shivik alichapisha jaribio la namna nyingine kwenye jarida la Wildlife Society Bulletin. Watu walijificha porini, wengine wamevaa nguo za mkaa, wengine nguo za kawaida, kisha mbwa waliofundishwa kutafuta watu wakatumwa kuwasaka. Mbwa waliwapata karibu wote, na nguo hazikuleta tofauti ya maana. Kilichokuwa na athari ni hali ya hewa, upepo ukiwemo. Mwenye koti anaweza kusema, kwa haki kabisa, kwamba mbwa aliyefundishwa si kulungu. Sawa. Lakini ona kilichofanyika pale: kulikuwa na kundi la kulinganisha, kila aliyejificha alihesabiwa awe ameonekana au la, na matokeo yangeweza kutoka vingine. Koti lilipewa nafasi ya kushindwa.

Baadaye jambo hili lilifika mahakamani. Wawindaji wa Minnesota waliishtaki kampuni kwa matangazo yake, na mwaka 2010 jaji wa mahakama ya shirikisho alikubaliana nao kwamba baadhi ya madai hayakuwa ya kweli. Mwaka 2011 mahakama ya rufaa ilitengua uamuzi huo. Sheria niwaachie wanasheria. Kinachonisumbua ni kwamba ilibidi wawindaji waende kwa jaji kuuliza swali ambalo mhariri yeyote wa jarida la uwindaji angeweza kulipima mapema, kwa mbwa, wikiendi mbili na daftari.

Risasi tatu

Hapa naomba uvumilivu, kuna hesabu kidogo, lakini ni hesabu tamu.

Usahihi wa bunduki hupimwa hivi: unapiga risasi kadhaa kwenye karatasi bila kubadilisha pa kulenga, kisha unapima umbali kati ya matundu mawili yaliyoachana zaidi. Bunduki nzuri, wanasema, ni ile inayotawanya risasi zake ndani ya dakika moja ya pembe, ambayo kwa meta 100 ni karibu milimita 29. Idadi ya risasi? Tathmini nyingi hupiga tatu.

Tuseme tuna bunduki ambayo mtawanyiko wake halisi tunaujua: kosa la milimita 10 kwa usawa na milimita 10 kwa wima, hayo yakiwa ni mchepuko sanifu wa takwimu za kawaida. Ukipiga risasi tatu, kwa wastani umbali kati ya matundu ya mbali zaidi utakuwa milimita 24. Ukipiga tano, 31. Ukipiga kumi, 38. Bunduki ni ileile, risasi zilezile, mpigaji yuleyule. Kwa risasi tatu imefaulu mtihani wa milimita 29, kwa tano imefeli kidogo, kwa kumi imefeli vibaya. Sababu haina uchawi: kila risasi unayoongeza inaweza kuupanua mtawanyiko, haiwezi kuupunguza.

Na huo ni wastani tu. Kundi la risasi tatu linayumba sana, zaidi ya theluthi moja juu au chini ya wastani wake. Piga makundi matano ya risasi tatu na bunduki yetu hii ya kawaida, na si ajabu mojawapo likatoka na milimita 14. Unadhani ni karatasi ipi itapigwa picha na kuwekwa gazetini? Utaambiwa yale mengine yaliharibika kwa sababu "nilivuta kifyatulio vibaya". Labda kweli. Lakini mtu akiruhusiwa kutupa karatasi baada ya kuona matundu, hakuna bunduki itakayofeli.

Haya si mambo ya kwenye makaratasi tu. Mtawanyiko unakua sambamba na umbali. Kwa meta 300, milimita 14 zinakuwa 42, na milimita 38 zinakuwa 114, hapo upepo hatujauweka. Mwindaji aliyesoma ile ya 14 atajiamini kupiga mbali kuliko anavyopaswa, na mnyama atakayepigwa tumbo badala ya moyo atatembea saa nyingi kabla ya kufa. Wawindaji wenyewe hulichukia jambo hili kuliko unavyodhani. Kwetu Tanzania, ambako uwindaji wa kitalii unaruhusiwa (Kenya iliupiga marufuku 1977), mnyama huyo aliyejeruhiwa anaweza kuwa nyati, na kuna mtu atatakiwa kumfuata vichakani.

Gharama ya kuondoa tatizo hili ni risasi saba za ziada. Kama risasi ni ghali mno kwa jarida, basi liandike tu kwamba makundi ya risasi tatu hayatofautishi bunduki nzuri na ya kawaida, na lisitoe namba yoyote. Hilo lingekuwa tathmini nzuri kuliko nyingi nilizosoma.

Kwenye darubini nitapita haraka. Utakuta wakikusifia namba ya uwezo wa machweo, ambayo ni kipeuo cha pili cha ukuzaji mara kipenyo cha lenzi ya mbele. Darubini ya 8x42 inapata 18.3. Darubini ya mfukoni ya 20x20, ikiwepo, ingepata 20, yaani "bora zaidi" jioni, ingawa mwanga unaotoka nyuma yake ni wa upana wa milimita 1 wakati ile ya kwanza inatoa zaidi ya 5. Jaribu kumtafuta chui saa kumi na mbili na nusu jioni kwa mwanga wa milimita moja. Namba hii haipimi hata kioo chenyewe, inapatikana kwa kikokotoo bila kuigusa darubini. Mwandishi anayeinakili kutoka kwenye boksi hajatathmini kitu. Vivyo hivyo IPX7: maana yake ni kwamba kifaa kilizamishwa kwenye maji ya kina cha meta 1 kwa nusu saa. Haikuambii lolote kuhusu vumbi la Agosti.

Kuhusu hela

Utaniuliza, na rushwa je? Ipo, au tuseme kipo kitu kinachofanana nayo. Kifaa hutolewa bure au huazimwa, kampuni hiyohiyo inanunua ukurasa wa tangazo, na mwandishi anajua. Mwaka 2013 Dick Metcalf, mwandishi mkongwe wa Guns & Ammo, aliandika safu akisema haki ya kumiliki silaha inaweza kuwekewa masharti. Alifukuzwa kazi, na mhariri wake akajiuzulu. Kwa maelezo ya Metcalf mwenyewe, watengenezaji wakubwa wawili walisema hawatafanya biashara na jarida hilo akiendelea kuwapo. Safu ile haikuwa tathmini ya kifaa, najua. Lakini ukiwa mwandishi kijana wa vifaa na umeliona hilo likimkuta mzee wa fani, utaandika kwa sauti gani kwamba bunduki fulani ni mbovu?

Dawa inayotajwa siku zote ni uwazi: sema nani alikupa kifaa. Mamlaka ya biashara ya Marekani, FTC, ina mwongozo wa mambo haya tangu 1980. Consumer Reports, iliyoanza 1936, ilikwenda mbali zaidi: haichukui matangazo ya makampuni na inanunua dukani kila inachokipima. Nawavulia kofia. Hata hivyo nadhani uwazi umegeuka kuwa kichaka cha kujifichia. Mtu anaandika mstari mmoja wa herufi ndogo, "kifaa hiki kilitolewa na mtengenezaji", kisha anaendelea kupiga risasi zake tatu kwa dhamiri safi. Kununua bunduki kwa hela yako mwenyewe hakuzigeuzi risasi tatu kuwa kumi. Kulipia koti lako hakumwonyeshi yule kulungu aliyegeuka vichakani.

Na kinyume chake ni kweli pia. TrailCamPro ni duka la Marekani linalouza kamera za mtego. Maslahi yake yako wazi kama jua: linataka ununue. Lakini kwa miaka mingi limekuwa likichapisha vipimo vyake, kamera moja dhidi ya nyingine: inachukua muda gani kupiga picha baada ya mnyama kuingia, inamgundua kwa umbali gani, inahitaji muda gani kabla ya picha inayofuata. Kati ya muuza duka mwenye jedwali ninaloweza kulihoji na mwandishi huru mwenye sifa tupu, mimi nitamsoma muuza duka, huku nimeshika kalamu.

Uzoefu unaona nini

Nisieleweke vibaya, sisemi mwindaji wa miaka thelathini hana la kutufundisha. Kuna mambo ambayo yeye ndiye kipimo chenyewe. Kitufe kinaminyika ukiwa umevaa glavu? Zipu inapiga kelele? Mkanda wa darubini unakata shingo baada ya kilometa kumi? Mlango wa betri unafunguka gizani bila kudondosha skrubu? Haya yanamtokea mtumiaji waziwazi, yakiwa mabaya anayaona, na mtu mmoja makini anatosha kuyasema. Tathmini nyingi zina sehemu hizi, mara nyingi zimebanwa mwishoni kama mambo madogo, na ndizo zenye thamani.

Uzoefu unafeli pale ambapo bahati ina sehemu kubwa au pale ambapo kushindwa hakuonekani. Harufu ni hivyo. Usahihi wa bunduki ni hivyo. Rangi za mabaka za kujificha ni hivyo. Kamera ya mtego ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu kazi yake ni kuona wakati wewe haupo: mnyama ambaye haikumpiga picha hayumo kwenye kadi ya kumbukumbu, basi, kwako hakupita.

Kwa hiyo ningekuwa mhariri wa kurasa hizo, ningemrudishia mwandishi makala yake na maswali machache kabla ya kuuliza kuhusu hela. Ulipima vipande vingapi, na nani alivichagua, wewe au kiwanda? Ulirudia mara ngapi, na karatasi ulizotupa ziko wapi? Ulilinganisha na nini? Ulijua kilichokuwa mkononi mwako kina jina gani na bei gani wakati unatoa alama? Halafu swali ninalolipenda kuliko yote: ungeona nini ndipo ungeandika kwamba hakifai? Asipoweza kujibu hilo la mwisho, aandike makala ya safari, zina wasomaji wake. Na baada ya mwaka ningemtaka aandike tena kuhusu kifaa kilekile. Kila kitu ni kizuri kikiwa kipya.

Tena ningemtaka aandike halijoto. Hapa ndipo tathmini ya Wisconsin inamuumiza mwanafunzi wa Tanzania bila yeyote kudanganya. Kamera za mtego nyingi zinamgundua mnyama kwa kihisi cha joto, ambacho kinahitaji vitu viwili: kitu kinachosogea, na tofauti ya joto kati ya uso wake na mandhari ya nyuma. Kwenye baridi ya Novemba kule kaskazini, mwili wa kulungu unang'aa mbele ya kihisi kama jiko la mkaa gizani. Kamera inayoandikwa kwamba inamgundua mnyama akiwa meta 25 huenda ilifanya hivyo kweli. Sasa ipeleke kwenye mbuga saa saba mchana, ardhi imeshapata joto sawa na ngozi ya swala au kuizidi. Tofauti imepotea, na meta 25 zinaweza kupungua sana. Wakati huohuo majani makavu yaliyopigwa na jua yanatikiswa na upepo, na kihisi kinadhani ni mnyama.

Data za Serengeti zinaonyesha ukubwa wa jambo hili. Kati ya 2010 na 2013 kamera zile 225 zilikusanya seti milioni 1.2 za picha. Zilizokuwa na mnyama ndani zilikuwa kama 322,000. Nyingine zote, karibu robo tatu, hazikuwa na mnyama, nyingi zikiwa za majani na jua. Betri zilitumika, kadi zilijaa, na watu wa kujitolea zaidi ya 28,000 wakasaidia kuzipanga moja baada ya nyingine.

Mradi mkubwa unaweza kubeba hasara hiyo. Mwenye kamera kumi hawezi, hasa kama kituo chake kinafikiwa mara moja kwa mwezi. Basi ukiwa unachagua, ukurasa wa ubora wa picha uache wa mwisho. Tafuta kwanza muda wa kamera kuwa tayari tena baada ya picha moja, kisha tafuta mwandishi alipima mwezi gani na wapi. Kama ni majira ya baridi, chukulia umbali wa ugunduzi kuwa haujapimwa. Kamera ya kwanza ikifika, usiagize tisa zilizobaki. Ifunge kwenye mti nyuma ya bweni, mtume mwenzako apite mbele yake mara ishirini saa saba mchana na mara ishirini usiku, kwa meta 5, 10 na 15, na uandike kila mara aliyopita, hasa zile ambazo kamera haikumwona.